Utumwa Marekani uliisha mwaka gani hasa? Naona kila jimbo lina tarehe yake

#1 Baba Neema (mleta mada)
Wakuu, salaam. Niko New Jersey mwaka wa tisa sasa. Juzi binti yangu karudi na kazi ya nyumbani: utumwa ulikomeshwa lini katika jimbo letu? Nikamjibu palepale kama nilivyokaririshwa sekondari: Rais Lincoln, 1863. Akaniangalia, akasema, "Baba, kitabu kinasema 1804."

Nikamwambia basi kitabu kimekosea. Tukakifungua pamoja. Kweli, sheria ya New Jersey ilipita mwaka 1804. Lakini mistari michache chini yake kimeandika kwamba sensa ya 1860 ilikuta watu 18 bado ni watumwa humuhumu New Jersey. Miaka 56 baada ya sheria! Sasa sheria inayokomesha kitu, na kitu chenyewe bado kipo miaka 56 baadaye, ilikomesha nini? Mtoto ananidai jibu kabla ya Jumatatu. Wajuzi karibuni.

#2 Mchokonozi
Mkuu, kitabu kimekuchanganya bure. Aliyekomesha ni Lincoln, tarehe 1 Januari 1863. Huko Kaskazini hakukuwa na watumwa, walikuwa Kusini kwenye mashamba ya pamba. Mada imeisha, ufungwe uzi.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mchokonozi, mistari miwili, makosa mawili. Nimefundisha historia miaka 20 na makosa haya nimeyasahihisha mpaka kalamu nyekundu zimeniishia.

La kwanza. Kaskazini watumwa walikuwepo tele. Sensa ya kwanza ya Marekani, 1790, ilihesabu zaidi ya 21,000 katika jimbo la New York na zaidi ya 11,000 New Jersey. Ni kweli Virginia peke yake ilikuwa na zaidi ya 290,000, kwa hiyo uwiano ni mbingu na ardhi, lakini "hakukuwa na watumwa" si kweli.

La pili. Tangazo la Lincoln la 1863 liligusa maeneo yaliyoasi tu, yale ya Kusini yaliyojitenga na kupigana na serikali kuu. Majimbo yaliyokuwa na watumwa lakini yakabaki upande wa serikali, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, hayakuguswa. Mtumwa wa Kentucky aliamka tarehe 2 Januari 1863 akiwa mtumwa vilevile.

Sasa Baba Neema, sheria yako ya 1804. Haikumwacha huru mtumwa hata mmoja siku ile. Ilisema hivi: mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya tarehe 4 Julai 1804 ni huru, ila atamtumikia bwana wa mama yake mpaka afike miaka 21 akiwa msichana, au 25 akiwa mvulana. Mama mwenyewe anabaki mtumwa. Mwaka 1846 wakapitisha sheria nyingine: waliobaki wasiitwe tena watumwa, waitwe wanagenzi wa maisha. Wale 18 wa kitabu cha binti yako ndio hao.

#4 Mchokonozi
Mwanagenzi wa maisha? Anajifunza kazi gani huyo ambayo hahitimu mpaka anazikwa? Mwalimu, hapo nimekubali. Nafuta kauli ya #2, uzi uendelee.

#5 Dereva wa Usiku
Naweka kigoda hapa.

#6 Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Hili la New Jersey kwetu Unguja si geni. Watu husema Seyyid Barghash alikomesha utumwa 1873. Alichokifunga 1873 ni soko na usafirishaji wa baharini. Aliyekuwa na mtumwa nyumbani alibaki naye. Amri ya kuuondoa utumwa kisheria ilikuja Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Mohammed, na hata hiyo haikumfungulia mtu mlango. Ilibidi mtumwa mwenyewe aende mahakamani akaombe huru yake, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujikimu. Fidia akalipwa bwana. Masuria hawakuhesabiwa kabisa, walisemwa ni kama wake wa nyumba, mpaka 1909.

Bibi mzaa bibi yangu alikuwa katika hao wa mwisho. Nyumbani kwetu hili halisemwi kwa sauti. Nimeliandika hapa kwa sababu hamnijui jina.

#7 Mwana wa Tabora
Pole na asante, dada. Bara nako hivyo hivyo. Wajerumani walisema watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru, wazazi wao wakabaki walivyo. Uliondolewa kabisa kisheria 1922 chini ya Mwingereza. Kumbe wote walisoma daftari moja: mwache mzazi, anza na tumbo.

#8 Mkweka wa Kaimosi
Naomba nirudi mwanzo, maana swali la kwa nini Kaskazini walianza halijaguswa. Jibu langu ni imani. Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, Wakweka kwa jina la mtaani, dhehebu lililoletwa kwetu Kaimosi mwaka 1902 na wamisionari Wamarekani. Mwaka 1688 huko Germantown, Pennsylvania, kikundi kidogo cha waumini kiliandika pingamizi dhidi ya kununua na kuuza watu. Walipuuzwa karibu miaka 70. Wakina John Woolman na Anthony Benezet wakaendelea kwenda nyumba kwa nyumba, na mwaka 1776 mkutano mkuu wa Philadelphia ukaamua kwamba Mkweka anayeshikilia mtumwa atengwe na ushirika. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Machi 1780, bunge la Pennsylvania likapitisha sheria ya kwanza ya namna hii Marekani. Si bahati nasibu hiyo.

#9 Fundi Hesabu
Mkweka, nakuheshimu, lakini tuipigie hesabu hiyo sheria ya 1780.

Aliyezaliwa Februari 1780: mtumwa wa maisha. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja baadaye: huru kwa jina, lakini anatumika mpaka miaka 28. Ishirini na nane! Binadamu wa karne ile alianza kazi na miaka saba au minane. Kwa hiyo bwana anapata miaka 20 ya nguvu za mtu bila mshahara, kisha anamwachia akiwa ameshachoka mgongo. Na huyo mama wa Februari 1780 akijifungua mwaka 1820 akiwa na miaka 40, mtoto wake anatoka kazini 1848. Pennsylvania iliufuta kabisa 1847, yaani miaka 67 baada ya sheria yenu ya imani.

Mimi nasema ni uchumi. Pennsylvania ni nchi ya ngano. Ngano inataka watu wengi wiki chache za mavuno, haitaki mtu wa kulishwa mwaka mzima. Utumwa haukulipa sana, ndiyo maana ukaachwa. Na hata walipouacha, gharama walimtwika mtoto mchanga.

#10 Mkweka wa Kaimosi
Sikatai hesabu. Lakini kwenye sheria hiyohiyo kuna kifungu unakiruka: kila mwenye mtumwa alitakiwa amwandikishe kwa karani kabla ya tarehe 1 Novemba 1780. Asiyemwandikisha amempoteza, mtu yule ni huru. Wakatokea wanasheria wa Chama cha Kukomesha Utumwa cha Pennsylvania, Wakweka wengi humo, wakaanza kukagua madaftari. Jina likikosekana au likichelewa, kesi. Watu walitoka utumwani kwa uzembe wa bwana wa kuandika. Kama ni uchumi tu, nani angejisumbua na madaftari?

#11 Mama Zuwena
Mnabishana Wakweka na ngano, watumwa wenyewe mmewaweka kando kama mizigo. Twende Massachusetts. Kule hakuna bunge lililopitisha sheria yoyote ya kukomesha.

Kulikuwa na mwanamke akiitwa Mum Bett, mtumwa wa Kanali John Ashley kule Sheffield. Siku moja mke wa Ashley alinyanyua chepe cha moto kumpiga binti mwingine mle ndani, Bett akaingiza mkono wake. Kovu alikaa nalo maisha yake yote. Jimbo lilikuwa limepata katiba mpya 1780 iliyosema watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo, na maneno hayo yalisomwa na kuzungumzwa mbele yake. Akaenda kwa mwanasheria Theodore Sedgwick, akamuuliza kama katiba ile haimhusu na yeye. Agosti 1781, huko Great Barrington, yeye na mwanamume mmoja aitwaye Brom wakashinda, na Ashley akaamriwa awalipe shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman. Mwaka huohuo Quock Walker naye akashinda kesi yake, na 1783 Jaji Mkuu William Cushing akawaambia wazee wa baraza la mahakama (jury) kwamba utumwa hauendani na katiba ile. Sensa ya 1790 ikakuta Massachusetts haina mtumwa hata mmoja aliyeandikwa.

Mwanamke asiyejua kusoma aliisoma katiba vizuri kuliko walioiandika. Hesabu hiyo nayo ipigeni.

#12 Dereva wa Usiku
Nimeegesha gari nisome #11 mara ya pili.

#13 Mchokonozi
Kwa hiyo wa kwanza ni Massachusetts? Maana nimesikia pia Vermont.

#14 Mwalimu wa Zamu
Vermont, katiba ya Julai 1777. Ila angalia mambo mawili. Wakati ule Vermont haikuwa jimbo, ilikuwa jamhuri inayojitegemea, ikaingia Marekani 1791. Na katiba yake ilikataza kumshikilia mwanamume aliyetimiza miaka 21 au mwanamke aliyetimiza 18. Mtoto bado angeweza kushikiliwa.

Halafu Connecticut na Rhode Island, 1784, zote kwa mtindo wa tumbo. Connecticut ilikuja kuufuta kabisa 1848. New York 1799: msichana 25, mvulana 28. New Jersey ya mwisho, 1804. Waliokuwa na watumwa wengi zaidi Kaskazini ndio waliochelewa zaidi, kwa hiyo Fundi ana hoja yake hapo.

#15 Mzee wa Forodhani
Vijana, nimewasoma kwa makini. Mama Zuwena ameisifu Massachusetts, nami namwongezea upande wa pili.

Mnalijua neno merikani? Kile kitambaa cheupe kizito cha pamba, mabibi zetu walijifunga, misafara ikaenda nacho mpaka Ujiji kama fedha. Kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa na Wamarekani, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa hiyohiyo Massachusetts. Seyyid Said alitia saini mkataba na Edmund Roberts mwaka 1833, na 1837 akaja Unguja konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem. Walichukua pembe, karafuu na sandarusi, wakaacha kitambaa. Kitambaa kimefumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo lisilo na mtumwa, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861, vilipoikata ile pamba, merikani ikaadimika hapa, vitambaa vya Kiingereza na Kihindi vikachukua nafasi.

Kwa hiyo jimbo liliwaachia watumwa wake, likaendelea kula jasho la watumwa wa jirani. Na sisi tukalivaa.

#16 Bint Mkunazini
Shikamoo mzee. Bibi alikuwa na kipande cha merikani kwenye kasha. Nilikuwa nadhani ni jina tu la kitambaa.

#17 Mzee wa Forodhani
Marahaba, mwanangu.

#18 Fundi Hesabu
Mzee umenisaidia bila kukusudia. Ndio uchumi huohuo! Kaskazini waliacha kumiliki watu kwa sababu faida ilikuwa imehamia kwenye viwanda na meli.

#19 Mama Zuwena
Fundi, uchumi haumwelezi Isabella wa New York. Alizaliwa kabla ya 1799, kwa hiyo sheria ya watoto haikumgusa. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, alijifunza Kiingereza kwa fimbo. Mwaka 1817 New York ikaamua kwamba waliobaki waachwe huru ifikapo tarehe 4 Julai 1827. Bwana wake, John Dumont, akamwahidi kumwachia mwaka mmoja mapema, kisha akageuka: eti aliumia mkono, hakufanya kazi ya kutosha. Isabella akaisokota sufu aliyoona anadaiwa, kisha alfajiri moja mwaka 1826 akambeba mtoto wake mchanga akaondoka. Wengine aliwaacha, maana sheria iliwafunga mpaka watimize miaka yao.

Mwanawe Peter aliuzwa, akafikishwa Alabama, kinyume cha sheria ya New York iliyokataza kuwapeleka Kusini. Mama huyu akaenda mahakamani Kingston, akashitaki wazungu, na 1828 akarudishiwa mtoto, mgongo umejaa makovu. Baadaye akajiita Sojourner Truth.

Swali langu kwako: wangapi waliuzwa Kusini usiku kabla umri haujatimia, na hawakuwa na mama kama huyo?

#20 Fundi Hesabu
Hilo linanipa uzito. Maana mwenye mali akijua mali yake itakwisha thamani siku fulani, huwa anaiuza kabla. Sheria ya hatua kwa hatua ilimpa muda wa kuuza.

#21 Mwalimu wa Zamu
Na hata wakubwa walizichezea sheria hizi. Philadelphia ilikuwa makao makuu 1790 mpaka 1800. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa wa mgeni akikaa jimboni zaidi ya miezi sita anaweza kudai huru. Wabunge wa taifa walisamehewa, Rais hakutajwa. George Washington akawa anawazungusha watumwa wa nyumba yake, kabla miezi sita haijatimia wanavushwa nje ya jimbo kisha wanarudi, ingawa marekebisho ya 1788 yalikataza mchezo huo. Mei 1796 Ona Judge, mtumishi wa mkewe, akatoka mlangoni familia ikiwa mezani, akapanda meli mpaka Portsmouth, New Hampshire. Walimfuatilia, hakurudi. Alikufa 1848, na kwa sheria bado alikuwa mali ya watu.

#22 Ngoy wa Louisville
Jambo bandugu. Mimi ni Mkongo, niko Kentucky. Mmeongea sana ya Kaskazini, mmesahau hapa katikati, na hapa ndipo palipochelewa kuliko pote pamoja na Delaware.

Delaware mwaka 1860 ilikuwa na watumwa chini ya 1,800. Lincoln aliwapendekezea mpango wa kuwalipa mabwana ili wawaachie. Wakakataa. Watumwa wachache hivyo, na pesa ipo mezani! Fundi, uchumi wako hapo unasemaje?

Maryland iliondoa kwa katiba mpya, tarehe 1 Novemba 1864. Kura za ndiyo 30,174, za hapana 29,799. Tofauti 375, tena kura za askari waliokuwa vitani ndizo ziliokoa. Missouri Januari 1865. West Virginia Februari 1865.

Kentucky haikutaka kabisa. Watu walijiokoa kwa kwenda jeshini, maana aliyejiandikisha alikuwa huru. Zaidi ya wanaume 23,000 weusi wa Kentucky waliingia jeshi la serikali. Wake na watoto wao waliwafuata kambini, Camp Nelson, lakini wao sheria iliwaona bado ni watumwa. Novemba 1864, baridi kali, kamanda akawafukuza mamia ya wanawake na watoto, vibanda vikavunjwa, wengi wakafa. Habari ilipofika magazetini aibu ikawa kubwa, na Machi 1865 Kongresi ikapitisha sheria ya kuwapa huru wake na watoto wa askari. Wengine wakangoja mpaka Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima.

Nilipita makaburi ya pale Camp Nelson na mwanangu. Sisi tulitoka Uvira kwa miguu na watoto mgongoni, tunajua kufukuzwa kambini usiku ni nini. Sikuweza kumweleza mwanangu vizuri siku ile.

#23 Dereva wa Usiku
Pole sana, Ngoy. Nilikuwa najua Juneteenth tu, ile Juni 19.

#24 Mwalimu wa Zamu
Juni 19, 1865 ni Jenerali Gordon Granger kutangaza Galveston, Texas, kwamba watumwa wako huru. Ni sikukuu ya taifa tangu 2021. Lakini angalia maajabu: siku ile Texas inatangaziwa, Kentucky na Delaware wanashikilia watu kihalali kwa miezi karibu sita mbele.

#25 Mwana wa Tabora
Nje ya mada kidogo: Brazili nako majimbo yalitangulia taifa. Sheria ya 1871 ya watoto wanaozaliwa, tumbo tena! Ceará ikafuta 1884, taifa zima tarehe 13 Mei 1888. Kule Fortaleza mabaharia wa vyombo vidogo ndio waligoma 1881 kuwapakia watumwa melini. Mama Zuwena atafurahi.

#26 Mama Zuwena
Nimefurahi kweli.

#27 Bint Mkunazini
Kuhusu tumbo, kuna tofauti moja. Virginia ilitunga sheria 1662 kwamba mtoto anafuata hali ya mama. Kwa hiyo bwana akizaa na mtumwa wake, mwanawe ni mtumwa wake. Kwetu pwani, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alifuata baba, alikuwa huru na anarithi. Silisemi hili kuusafisha utumwa wetu, bibi yangu hakuombwa ridhaa na mtu. Ila ndiyo sababu wenzetu kule walilazimika kuanzia tumboni: utumwa wao ndimo ulimokuwa ukizaliana.

#28 Fundi Hesabu
Hii sikuwahi kuifikiria. Na Ngoy, la Delaware umenibana. Labda niseme uchumi ulieleza nani aanze, haukueleza nani ang'ang'anie. Hapo kuna hofu ya weusi walio huru kupiga kura na kukaa jirani.

#29 Baba Neema
Wakuu, asanteni. Karatasi ya mtoto ina mstari mmoja wa nukta. Ameandika "1804, 1846, Desemba 1865", kisha akaandika pembeni kwamba New Jersey yenyewe iliyakataa Marekebisho ya 13 ikaja kuyakubali Januari 1866, wakati yameshakuwa sheria. Mstari umejaa, ameendelea nyuma ya karatasi. Ameniuliza pia wale watu 18 walikuwa na umri gani. Nimemwambia tupige hesabu: ili ubaki mtumwa ilibidi uwe umezaliwa kabla ya Julai 1804. Basi mdogo wao mwaka 1860 hakuwa chini ya miaka 55. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo walikuwa wanasubiri wafe."

#30 Ngoy wa Louisville
Hapa Kentucky bunge liliyakubali Marekebisho ya 13 mwaka 1976. Mwambie nalo.

#31 Mchokonozi
1976? Hapana bwana, hapo umeteleza kidole.

#32 Mwalimu wa Zamu
Hajateleza. Delaware 1901, Kentucky 1976, Mississippi 1995. Kisheria haikuwa na uzito tena, ilikuwa kusafisha rekodi.

#33 Fundi Hesabu
Mkweka, bado unanidai na mimi nakudai. Kama ilikuwa imani, kwa nini miaka 28 na si 18?

#34 Mkweka wa Kaimosi
Rasimu ya kwanza ilitaja umri mdogo kuliko huo, wakapandisha ili kura zitoshe. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Kesho ni ibada, nitawauliza wazee wangu, nirudi jioni.